Uso wa Kuazima

Kazini kwangu mimi ni bibi kizee. Nina mvi. Nimevaa gomesi ya zambarau, ile nguo ya heshima ya kina mama wa Kiganda yenye mabega yaliyochongoka, na nimefumba mdomo nikitabasamu ili pengo la mbele lisionekane. Wateja wangu wa Ulaya na Marekani wananipenda hivyo hivyo. Wananiandikia kwa adabu, wananiuliza magoti yangu yanaendeleaje. Na mimi, ambaye sijafika hata miaka thelathini, mwenye magoti mazima ya kuruka mtaro, nawajibu kwamba yanauma kidogo msimu wa mvua, asanteni kwa kuuliza.

Msinicheke. Au chekeni tu, hata mimi nilicheka mwanzoni.

Mimi ni Mkongomani. Wazazi wangu walitoka Bukavu nikiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, nikakulia hapa Kampala, Namuwongo, kule bondeni upande wa reli. Kiingereza nilikipata shuleni, Kiswahili tulikuja nacho. Uandishi niliuanza na blogu yangu mwenyewe, ya mapishi ya kwetu: sombe, yaani kisamvu, ugali wa muhogo, na ufanye nini ikiwa ndagala za hapa, dagaa wanaoitwa mukene, hazina ladha ya ndagala za nyumbani. Waliokuwa wakisoma ni Wakongomani wenzangu waliotawanyika duniani, wanaolilia sombe kwenye baridi. Walinisifia mpaka nikavimba kichwa. Lakini sifa haziivishi maharagwe, na mama alikuwa ameanza kuniuliza, "Hiyo kompyuta inapika saa ngapi?"

Basi nikasikia kuna tovuti ambazo mtu anajiandikisha, anaandikia watu wa mbali, anatengeneza hata tovuti zao, analipwa. Nikajaza kila kitu. Jina, elimu, mifano ya kazi. Hatua ya mwisho: piga picha kitambulisho. Nikatoa kadi yangu ya ukimbizi. Niliipiga picha dirishani, nikaipiga juu ya shuka nyeupe, nikaipiga juani, kivulini, nikaifuta na mate nikaipiga tena. Kila mara mashine inajibu kwamba hati haitambuliki. Jamani, hasira nilizopata! Niliitukana ile simu kwa Kiswahili, nikaongeza kwa Kimashi cha wazazi wangu, nikamalizia kwa Kifaransa. Mama alidhani nimegombana na mwanamume, akanijia na uji.

Kwetu sisi hili si jambo la siri. Mkongomani mwenye kompyuta anamtafuta Mganda mwenye kitambulisho, akaunti inafunguliwa kwa jina na picha ya yule, kazi inafanywa na huyu. Tunaita kuazima. Vijana wengi huazima kwa rafiki zao wa chuo, na hapo ndipo balaa huanzia: rafiki anachungulia, anajifunza, anabadilisha nywila, anaondoka na akaunti pamoja na nyota zote ambazo wateja wamekupa. Nimewaona wanaume wazima wakilia kwa ajili ya nyota hizo. Nikajiona mimi ndiye mjanja wa wajanja. Nitaazima, nikasema, kwa mtu ambaye hataitaka akaunti hata kwa dawa.

Nikaenda kwa Jaja.

Jaja ni bibi, ndivyo wanavyoita hapa. Huyu wangu anauza makaa kando ya reli, karibu na bomba tunalochotea maji. Marehemu mume wake alikuwa askari polisi, wakaishi miaka mingi kambini, na huko ndiko alikojifunza Kiswahili, kile Kiswahili cha kambini kinachokwenda moja kwa moja bila kupiga hodi. Majirani zake hawakipendi. Kwao ni lugha ya wanajeshi na wezi. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipomsalimu kwa Kiswahili nikitafuta makaa ya kopo moja, alinishika mkono akakataa kuuachia. Alikuwa amepata mtu wa kuongea naye lugha ya ujana wake.

"Weye nataka kitambulisho yangu ya kufanya nini?" akaniuliza.

"Ya kazi, Jaja. Naandikia watu wa mbali, lakini wanataka karatasi za hapa. Za kwangu wanazikataa."

"Nakwenda kukopa pesa na jina yangu?"

"Hapana."

"Nakwenda kuibia watu?"

"Jaja! Mimi?"

"Basi chukua. Hiyo kitu natoka kwa sanduku siku ya kura tu."

Tulikubaliana fungu lake katika kila malipo, na sikuwahi kumpunja hata siku moja. Naomba hilo liwekwe upande wangu wa mizani, maana kuanzia hapa sina kingine cha kuweka huko.

Ile tovuti haikuamini picha ya kitambulisho peke yake. Mara kwa mara, bila taarifa, ilitaka kumwona mwenye akaunti akiwa hai. Geuza uso kushoto, geuza kulia, sogea kwenye mwanga. Ukichelewa, akaunti inafungwa. Basi utaniona nakimbia kandokando ya reli na simu mkononi, ndala zinapiga visigino, mpaka kibandani kwa Jaja. Namkuta mweusi tii kwa vumbi la makaa. Nalowesha ncha ya kitenge changu, namfuta paji la uso, mashavu, pembe za pua, kama mama anayemwandaa mtoto kwenda misa, wateja wamesimama na makopo yao wanatuangalia.

"Hii simu nataka nini tena?"

"Inataka kukuona, Jaja. Geuka kidogo."

"Nayo haichoki? Hata bwana yangu hakuniangalia hivi!"

Wateja wanaangua kicheko, Jaja anacheka, mimi nacheka. Aibu ilikuwa bado iko njiani.

Kitu ambacho ujanja wangu haukuona ni hiki: uso ndio unaochagua kazi. Nilidhani nimeazima kitambulisho, kumbe nimeazima na umri. Vijana wenzangu walikuwa wanaandika habari za magari na mipira. Mimi, kwa ile picha ya gomesi, nililetewa viungo vinavyouma, bustani za mboga, ujane, namna ya kufuma soksi. Soksi! Kampala hii! Nikazifuma kwa maneno, zikapendwa.

Ndipo akaja mteja mmoja, mama wa nchi ya baridi, mwenye tovuti ya wanawake wazee. Kwanza alinipa kazi ya kuitengeneza upya. Nikamwekea herufi kubwa, rangi za upole, nikaondoa vitu vyote vilivyokuwa vinarukaruka. Akafurahi. Akasema, sasa nataka uwe unatuandikia, maisha ya bibi wa Kampala, kwa sauti yako mwenyewe. Sauti yangu mwenyewe! Mimi najua nini kuhusu uzee? Nikachukua gunia tupu, nikaenda kukaa kibandani kwa Jaja, nikaanza kumuuliza maswali.

Alidhani ni mapenzi. Na yalikuwepo, Mungu ananiona, nilimpenda na nampenda. Lakini simu ilikuwa mapajani pangu chini ya kitenge, ikirekodi.

Alinieleza mengi, na mimi niliyauza moja moja. Maisha ya kambini, wake wa askari walivyokuwa wakigombania kamba ya kuanikia nguo, mumewe alivyorudi doria akamletea sabuni ya kunukia. Kisha siku moja, mvua imetufungia kibandani, mteja hakuna, akanieleza habari za kitinda mimba wake.

Kijana huyo alikuwa utingo wa lori za kwenda kaskazini. Akaugua safarini, akalazwa Gulu. Wakampigia Jaja simu asubuhi. Asubuhi hiyo hiyo lori la makaa lilikuwa limetoka kummwagia mzigo kando ya njia, mzigo wote wa mtaji wake, na hakuna wa kumwachia. Akasema moyoni, acha nipunguze mpaka jioni, nipande basi la usiku. "Makaa haina miguu," akaniambia, "lakini mwizi iko nayo." Akauza mpaka jioni. Akafika Gulu kunakucha, akakuta kwenye kile kitanda amelala mtu mwingine. Muuguzi akamwambia kwamba mwanawe alikuwa anamuulizia.

Mabinti zake aliwaambia basi lilikosekana. Hakuna aliyewahi kujua habari za makaa.

"Nakwambia weye," alisema, "juu weye si mutu ya kwetu. Kwa mabinti yangu haitafika."

Nikamshika mkono, nikaubana. Simu ikaendelea kurekodi.

Mwezi ule ule, yule mteja akaniandikia kwamba wasomaji wamechoka na bustani. Wanataka jambo la moyoni, zito, lakini lenye faraja mwishoni. Nikajua palepale ninacho. Niliiandika kwa mkao mmoja, machozi yananitoka kweli kweli, huku nalia huku narekebisha nukta na mkato. Faraja ikanishinda, kwa sababu haikuwepo. Basi nikaitengeneza. Katika makala yangu mama anayaacha makaa palepale njiani, achukue atakayechukua, anapanda basi la kwanza. Anafika mchana. Mwanawe anafumbua macho, anasema, "Mama, umekuja," na anakufa ameshikwa mkono. Nikaisoma, nikaona imekaa vizuri. Nikaituma.

Haikuwahi kutokea makala yangu kusomwa vile. Wanawake wa nchi ambazo siwezi kuzionyesha kwenye ramani waliandika kwamba wamelia. Na yule mteja akaandika kwamba anataka kuniajiri. Si kazi ya kuokoteza tena, leo ipo kesho haipo, bali mkataba, mshahara wa kila mwezi, mwandishi na mtunza tovuti wake. Ila kwanza, akasema, tuonane uso kwa uso, kwa video.

Nieleweke nilivyoitaka ile kazi. Tangu baba afariki mimi ndiye nguzo ya nyumba. Mama anashona, lakini macho yamemchoka, uzi unamkwepa sindano. Kazi za mtandaoni nazo ni kama maji ya bomba letu, yanatoka yakipenda. Niliitaka ile kazi mpaka chakula kikawa hakipiti. Na kumwambia mteja ukweli haikuwezekana: kuazima kumekatazwa, akaunti ingefungwa kabla sijamaliza sentensi, na nyota zangu zote zingezikwa nayo. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nikajiambia nitaishikilia kwa mikono miwili tu, mpaka video iishe.

Mpango ulikuwa hivi. Jaja aje nyumbani kwetu, akae mbele ya kompyuta. Mimi nikae chini sakafuni, pembeni ya magoti yake, ambapo kamera haifiki, nimnong'oneze kwa Kiswahili, yeye ajibu kwa Kiingereza chake cha kambini. Akishasalimia na kutabasamu nazima kamera, naandika kwamba mtandao umekatika, tunaendelea kwa maandishi. Ubaya wa mtandao wa Kampala hakuna asiyeuamini.

Jaja alikuja mchana ameoga, amejipaka mafuta ya kunukia, amevaa ile gomesi ya zambarau ya kwenye picha. Alikuwa na furaha kama anakwenda harusini. Mama akampigia pasi mshipi wake, akamsifu, kisha akaenda sokoni kutuachia nafasi. Nikakaa sakafuni. Mteja akatokea.

"Good afternoon, madam," akasema Jaja, kwa sauti iliyonyooka ya mke wa askari siku ya gwaride.

Mteja alifurahi mno. Akauliza habari za magoti. Hilo sikuwa nimemwandaa nalo, na Jaja akaniangalia chini.

"Sema yanauma kidogo," nikanong'ona.

Akajibu kwamba yanauma kidogo. Mambo yanakwenda! Nikaanza kunyoosha mkono taratibu kuelekea kitufe. Kabla sijafika, yule mama akaweka kiganja kifuani pake akaanza kusema polepole, kama watu wanavyosema na wazee na wageni. Akasema anampa pole ya mwanawe. Yule aliyefia hospitalini. Akasema naye amemzika mtoto, na hakuwahi kumfikia akiwa hai, na kila anaposoma zile sentensi za mwisho anapata nguvu. Ulikuwepo, akasema. Ulimshika mkono.

Sikumtafsiria Jaja. Haikuhitajika. Mwana, hospitali, mkono, maneno hayo mtu anayajua.

Kutoka pale sakafuni sikuweza kumwona uso. Nilikuwa naona magoti yake na mikono yake juu ya gomesi, na mikono ilikuwa inachezea pindo la mshipi, ikaacha. Angeweza kuinuka. Angeweza kusema neno moja tu, kwamba si kweli, na lingekuwa la haki. Nami nitasema nilichokifanya wakati ule, kwa sababu hakuna mwingine anayekijua: nilimwomba Mungu. Sikumwomba anisamehe. Nilimwomba kwamba Jaja asiseme, nisiikose kazi.

"Thank you, madam," Jaja akasema. Kisha akaongeza, "Sorry for you also."

Yule mama akalia. Jaja akamngojea amalize, kama tunavyomngojea mtu msibani, hakumharakisha, akawa anamwambia pole, pole, kwa kile Kiingereza chake, mpaka mwenzake akajifuta macho akatabasamu. Hapo ndipo nilipozima kamera. Kwa haraka nilikibonyeza kitufe mara ya pili nikaiwasha tena, nikaizima.

Ujumbe uliingia kabla sijainuka sakafuni. Karibu sana, mkataba nakutumia. Nilikuwa nimeingojea siku hiyo maisha yangu yote, na niliusoma kama barua ya mahakama.

"Muzungu najua habari ya mutoto yangu," Jaja akasema. "Nani nasema naye?"

"Niliandika, Jaja." Nilikuwa sasa nimepiga magoti na sikuona sababu ya kusimama. "Yale uliyoniambia siku ya mvua. Nisamehe. Nisamehe, Jaja, sijui niseme nini."

"Yote?"

"Si yote. Ya makaa sikusema. Nilibadilisha mwisho."

"Soma."

"Ni Kiingereza tupu, Jaja."

"Na weye si iko na Kiswahili? Soma."

Nikasoma. Niliigeuza Kiswahili sentensi kwa sentensi, nikijikwaa, maana kwa Kiingereza ilikuwa makala, na kwa Kiswahili ilikuwa ni yeye, amekaa mbele yangu, na mafuta yake ya kunukia. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nilitamani anikatize, anitukane, anitemee mate. Kofi ningelipokea kwa asante. Hakunikatiza. Nilipofika mama anapoyaacha makaa njiani, akavuta pumzi, akasema "eee" ndogo. Nikasoma basi. Nikasoma mchana wa Gulu, korido, kitanda. Nikasoma kijana anafumbua macho, anasema, Mama, umekuja. Nikasoma mkono.

Jaja alikuwa anaangalia ukutani, pale penye rozari ya mama.

"Soma tena," akasema.

"Yote, Jaja?"

"Hapana. Pale nafika."

Nikamsomea tena pale anapofika. Akasema tena, nikasoma tena. Sikuwa na ruhusa ya kulia, nikasoma tu, mpaka mama yangu akaingia kutoka sokoni na kikapu, akatukuta mimi nimepiga magoti na Jaja uso umelowa, akauliza, "Eh! Kuko nini hapa?"

Jaja akajifuta kwa mshipi ule uliopigwa pasi.

"Hakuna kitu," akamwambia. "Mutoto yako naandika muzuri."